Sanamaki kwa njia ya matabibu wa Kiyunani: mwongozo kamili kuanzia dukani mpaka chooni

Nianze na basi. Nilikuwa natoka Tanga kwenda Dar, tumbo limegoma siku ya nne, nikakumbuka kifuko cha sanamaki kilichokuwepo kabatini toka enzi za bibi, nikashika konzi nzima nikaitupia kwenye sufuria, nikachemsha mpaka maji yakawa meusi kama chai ya rangi ya msibani, nikanywa kikombe kizima saa nne usiku nikalala zangu. Saa kumi na mbili asubuhi nipo kwenye siti ya dirishani. Muheza tukapita poa tu. Kabla ya kufika Segera tumbo likaanza kujinyonga kama mtu anakamua nguo iliyoloa, jasho jembamba linatoka, namwambia konda simama kaka naomba simama, konda ananiambia kituo kipo mbele vumilia. Sitaki kueleza zaidi. Ila yule mama niliyekaa naye alikuwa na kanga ya ziada na Mungu amlipe.

Kosa halikuwa la sanamaki, lilikuwa langu. Bibi yangu alikuwa akitupa sanamaki mara chache kwa mwaka na hakuna aliyewahi kusokotwa na tumbo, kwa sababu alikuwa na mambo matatu ambayo mimi niliyaruka yote: alipima kwa ncha za vidole vitatu, alichambua vijiti akavitupa, na hakuwahi kuiacha sanamaki peke yake, lazima itiwe maua ya waridi makavu. Nilidhani ni mbwembwe za kizee. Baadaye nimekuja kusoma kuhusu tiba ya Kiyunani, hii wanayoiita Unani kule India na Pakistani, nikakuta mambo yale yale matatu yameandikwa kama kanuni. Ndo maana nimeamua kuandika huu mwongozo mrefu, maana naona watu wanauziwa sanamaki kama chai ya kupunguza kitambi na wanakunywa kila siku, na hiyo ni hatari kuliko basi langu.

Kwanza ujue unashika nini

Sanamaki ni majani (na maganda) ya mti mdogo ambao wataalamu wa mimea wanauita Senna alexandrina, kwenye vitabu vya zamani utakuta Cassia senna au Cassia angustifolia, ni huyo huyo. Jina letu limekuja zima zima kutoka Kiarabu, sana makki, yaani sana ya Makka, kwa sababu ile bora ilikuwa inatoka Hijazi. Unaota wenyewe Misri, Sudan, Pembe ya Afrika na Uarabuni, na wahindi wanaulima kwa wingi kule Tamil Nadu, upande wa Tirunelveli. Hiyo ya Sudan zamani ilikuwa inashuka na mto Nile mpaka bandari ya Alexandria ndo inasafirishwa dunia nzima, jina la alexandrina limetoka hapo.

Waislamu wengi wanaijua kwa hadithi ya Asma bint Umays kwenye Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba alikuwa anatumia mmea mwingine mkali kulainisha tumbo, kisha akatumia sanamaki, na Mtume (SAW) akaisifia sana hii ya pili. Maduka ya dawa za kisuna yanaitaja hadithi hii mbele ya mteja kila siku, sawa, ila angalia hiyo hadithi inaongelea nini: kulainisha tumbo. Haijasema kunywa kila asubuhi ili suruali ikukae vizuri.

Kiyunani ni nini, kwa kifupi

Yunani ni Ugiriki. Matabibu wa Kiislamu walichukua elimu ya Buqrat na Jalinus (hawa ndo Hippocrates na Galen), wakaiongezea ya kwao, akina Ibn Sina aliyefariki 1037 wakaipanga kwenye vitabu vikubwa, halafu ikaingia India na kule ndo ikaweka kambi mpaka leo. Siyo mambo ya vichochoroni, India mtu anasomea chuo miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo ndo apewe digrii ya Unani. Pale Delhi Hakim Ajmal Khan (1868–1927; hakim kwao ni tabibu, siyo wa mahakamani) aliacha chuo cha Tibbia ambacho Gandhi ndiye alikifungua 1921.

Msingi wao ni kwamba mwili una majimaji manne: damu, balgham, safra na sauda. Ukiangalia vizuri sisi watu wa pwani tunayo hii elimu vipande vipande bila kujua. Belghamu si neno letu la kila siku? Na ile kusema hiki chakula cha baridi, kile cha joto, usimpe mzazi kitu cha baridi, hiyo ni Kiyunani kimevaa kanzu ya Kiswahili. Safra ni nyongo ya manjano, sauda ni ile nyeusi. Kila mtu ana mizaji yake (asili yake ya joto au baridi, ukavu au unyevu) na kila dawa ina mizaji yake, na sanamaki wanaiweka kwenye moto na ukavu. Shika hilo neno la ukavu, tutalihitaji mbele.

Kazi yake wanaiita mus-hil, kitu kinachosukuma uchafu utoke kwa njia ya choo, na wanasema inatoa balgham, safra na sauda zote tatu, ndo maana ilipendwa, dawa nyingi zinatoa kimoja tu.

Kwa lugha ya maabara

Ndani ya jani kuna vitu vinaitwa sennosidi. Ukivimeza vinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya lolote, vikifika utumbo mpana wale bakteria wanaoishi humo wanavivunja na kutengeneza kitu kipya, hicho kipya ndo kinauchokoza utumbo ukaze na kusukuma, na pia kinauzuia usinyonye maji, kwa hiyo choo kinabaki laini. Safari yote hiyo inachukua masaa 6 mpaka 12. Ndo maana saa nne usiku + basi la saa kumi na mbili = Segera.

Na ndo maana pia haipunguzi mafuta. Chakula kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba, sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, mgeni ameshaondoka ndo wewe unafunga mlango. Ile kilo moja unayoona imepungua kwenye mzani ni maji na kinyesi, ukinywa maji lita moja imerudi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka sanamaki kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo hatuongelei ushirikina hapa. Ni dawa. Na dawa ina dozi.

Hatua ya 1: jiulize kama wewe ni mtu wake

Hii hatua watu wanairuka na ndo kubwa kuliko zote. Sanamaki ni ya mtu mzima ambaye choo kimefunga kwa siku chache, hana maumivu makali, na ameshajaribu maji, matunda, mboga na kutembea bila mafanikio. Basi.

Usitumie kama una mimba, na kama unanyonyesha muulize kwanza daktari. Mtoto chini ya miaka 12 asipewe, na najua mabibi walikuwa wanatupa, mimi mwenyewe nilipewa, ila watoto wanakauka maji haraka na kwa wale wanaovaa nepi dawa hii inaweza kuwababua makalio mpaka malengelenge. Usitumie kama una maumivu ya tumbo ambayo hujui chanzo chake: kidole tumbo kinaweza kuanza hivyo hivyo, unadhani ni choo, unasukuma utumbo uliovimba, unajipeleka chumba cha upasuaji. Tumbo limejaa, unatapika, hata ushuzi hautoki? Hiyo ni hospitali usiku huo huo, utumbo unaweza kuwa umeziba. Wenye vidonda vya utumbo mpana na magonjwa ya utumbo kuvimba nao hapana.

Halafu dawa. Sanamaki ikitumika sana inatoa madini ya potasiamu mwilini, kwa hiyo kama unatumia digoksini ya moyo, dawa za mapigo ya moyo, dawa za kukojosha zile za presha na kuvimba miguu, au dawa za steroidi, usiongeze sanamaki juu bila kumuuliza daktari. Urukususu (ule mzizi mtamu, licorice) nao unashusha potasiamu, na kwenye mchanganyiko wa Kiyunani mara nyingi umo, kwa hiyo uliza muuzaji kaweka nini.

Damu kwenye choo, kupungua mwili bila sababu, choo kilichobadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50, hivi havitibiwi kwa majani. Nenda ukapimwe.

Hatua ya 2: kununua bila kupigwa

Maduka ya dawa za asili Kariakoo, Darajani kule Unguja, Mji wa Kale Mombasa, kote utaipata na siyo ghali. Shida ni kwamba nyingi inauzwa ikiwa unga, na unga hauna sura. Nunua majani mazima.

Chukua jani moja uliweke kwenye kiganja. Liwe jembamba, limechongoka mbele kama mkuki mdogo, urefu kama pingili mbili za kidole au chini ya hapo, rangi ya kijani iliyofifia yenye kuelekea majivu au manjano. Sasa angalia pale chini linapoanzia kwenye kikonyo: upande mmoja wa jani unaanza juu kidogo kuliko mwenzake, kama shati lililokosewa vifungo. Hiyo ndo alama yangu ya kwanza. Jani ambalo pande zote zinaanza sawa sawa, nene, lenye vinyweleo, linaweza kuwa la argeli, mmea mwingine wa Sudan ambao toka zamani unachanganywa humo ili kuongeza uzito. Maganda yake nayo ni bapa, membamba kama karatasi ngumu, yamepinda kidogo, ukiyainua kwenye mwanga unaona mbegu zimejipanga ndani.

Harufu ni hafifu, kama nyasi kavu au chai ya kijani iliyokaa. Ikinuka ukungu acha, ikiwa imegeuka kahawia yote acha pia, na ikiwa nusu ya kifuko ni vijiti mwambie akupimie upya.

Na tafadhali usiende kuchuma nyumbani. Kwetu kuna ndugu zake, mwingajini ndo maarufu, ule unaoota pembeni ya barabara na majalalani una maua ya manjano, mtu anaona majani yamefanana anasema hii si sanamaki hii. Siyo. Mbegu za mwingajini zina sumu, na hata zile sehemu zinazotumika kwenye dawa za kwetu zina utaratibu wake mwingine kabisa.

Hatua ya 3: kuchambua

Mwaga kwenye ungo. Toa vijiti vyote, toa vikonyo, toa mawe, toa majani yaliyooza. Matabibu wa Kiyunani wanasisitiza sana hili, wanasema vijiti ndo vinaleta msokoto wa tumbo, na wanapoiandika dawa wanataka jani tu lililosafishwa. Pepeta vumbi. Usilowanishe kuosha halafu ukaanika tena, utaharibu. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, kabatini pasipo jua. Na andika tarehe, maana ile ya kwangu ya kabatini sijui hata ilikuwa ya mwaka gani.

Hatua ya 4: kipimo, hapa tulia

Hesabu ni hii. Jani zuri lina sennosidi kama asilimia 2.5, kwa hiyo gramu 1 ya majani inabeba kama miligramu 25. Kidonge kimoja cha hospitali ni miligramu 7.5. Maana yake gramu 1 tu ya majani ni zaidi ya vidonge vitatu. Kiwango cha juu kwa siku kinachotajwa na wadhibiti wa dawa wa Ulaya ni miligramu 30. Sasa konzi yangu ya ile siku, tuseme ilikuwa gramu 10, hata kama nusu tu ndo ilitoka kwenye maji, nilikunywa zaidi ya vidonge 15 nikapanda basi.

Kwa hiyo anza na nusu gramu, na kikomo chako kiwe gramu 1 kwa siku. Mizani midogo ya kidijitali ya jikoni siku hizi siyo ghali, ila ujue mingi inaanza kusoma vizuri kwenye gramu moja kwenda juu, basi pima gramu 2 gawanya mafungu manne kwa kisu juu ya karatasi. Hauna mzani kabisa? Vunjavunja majani kwa mkono, chota nusu kijiko cha chai, kijiko kiwe sawa juu siyo kilima. Ukitumia unga, robo kijiko, maana unga umejibana.

Utakuta kwenye vitabu vya mahakimu vipimo vya gramu 5 na zaidi. Usiwaige. Wale walikuwa wanampa mgonjwa aliyeandaliwa siku kadhaa, yuko chini ya macho yao, na siku hiyo haendi popote.

Hatua ya 5: mpe mwenzake

Hapa ndo roho ya Kiyunani ilipo. Wanaamini hakuna dawa kali isiyo na madhara yake, kwa hiyo kila dawa ina muslih wake, msuluhishi, kitu cha kuipoza makali bila kuiondolea kazi. Wa sanamaki ni maua ya waridi na mafuta ya lozi. Mantiki yao: sanamaki ni moto, waridi linautuliza, sanamaki ni kavu, mafuta yanaulainisha huo ukavu usiukwangue utumbo. Mimi hapo naongezea shamari au tangawizi kidogo kwa ajili ya gesi, shamari naipenda zaidi maana tangawizi ni moto juu ya moto.

Waridi liwe la kula. Yale maua makavu yanayouzwa kwa udi na kupamba harusi mara nyingine yamepigwa dawa za wadudu au manukato, uliza.

Hatua ya 6: kuandaa

Njia ninayoipendekeza ni ya kuloweka kwenye maji ya baridi. Asubuhi, chemsha maji nusu glasi mpaka glasi moja, yaache yapoe kabisa. Weka kwenye chupa safi majani yako yaliyopimwa, petali za waridi kama kijiko cha chakula, shamari nusu kijiko cha chai iliyopondwa. Mimina maji, funika, weka kwenye friji kama unayo au pahala pa ubaridi, mpaka usiku. Masaa 10 hivi. Chuja kwa kitambaa safi, usiyakamue majani kwa nguvu. Sababu ya baridi ni kwamba maji ya moto yanavuta zaidi ile utomvu wa jani, na huo utomvu ndo unaosokota tumbo, maji ya baridi yanautoa kidogo. Rangi yake itakuwa dhahabu iliyofifia na utasema hii mbona haijakolea. Imekolea, usiongeze.

Kama huna siku nzima, njia ya moto: vitu vile vile kwenye kikombe, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika na kisahani dakika 10, chuja. USICHEMSHE kwenye moto. Inafanya kazi ila tumbo litakukumbusha.

Ya tatu ni sufuf, unga. Saga majani yaliyochambuliwa, chekecha kwa kitambaa chepesi, chukua robo kijiko cha chai, dondoshea matone mawili matatu ya mafuta ya lozi matamu, yasugue na unga kwa kidole mpaka unga unang'aa na hauruki vumbi tena, kisha changanya na kijiko cha asali ulambe. Hiyo ya kupaka mafuta ni kazi ya kihakimu kabisa. Kumbuka unakula jani lote hapa, kwa hiyo ni kali kuliko chai, anza na nusu ya hiyo robo.

Ladha zote ni mbaya kidogo, chungu yenye utelezi fulani hivi. Asali inasaidia.

Hatua ya 7: saa ya kunywa

Usiku kabla ya kulala, masaa mawili baada ya chakula chepesi, na glasi ya maji juu yake. Chagua siku ambayo kesho yake upo nyumbani, nafikiri hili sina haja ya kulielezea tena. Kama unameza dawa nyingine za kila siku usizimeze pamoja nayo.

Alfajiri au asubuhi utasikia haja, labda msokoto mdogo. Choo kinatakiwa kiwe laini, mara moja au mbili. Kikiwa maji matupu umezidisha, usiku ujao usinywe, na dozi ijayo iwe nusu. Mkojo unaweza kugeuka njano iliyokolea mpaka wekundu wa kahawia, usikimbie hospitali ukidhani ni damu, ni rangi ya dawa, ila ikiendelea siku mbili tatu baada ya kuacha basi hapo nenda.

Masaa 12 yamepita hakuna kitu? Usirudie siku hiyo hiyo. Wanaopata matatizo wengi ni hapa, anasema haijafanya kazi anaongeza kikombe, kumbe cha kwanza kilikuwa njiani, sasa vinakuja viwili.

Hatua ya 8: siku ya pili, tabrid

Mahakimu hawamalizi kwenye kuharisha. Utaratibu wao kamili una sehemu tatu: kwanza mundhij, dawa za kuivisha ule uchafu ili uwe tayari kutoka (kwa safra siku chache, kwa balgham kama siku tisa, kwa sauda kumi na tano na zaidi), pili mus-hil ndo sanamaki yenyewe, tatu tabrid, kupoza. Hiyo mundhij ya wiki nzima siyo ya kujifanyia nyumbani, inataka mtu aliyesoma akushike mapigo. Ila unaweza kuiga kwa udogo wake: siku mbili kabla kunywa maji ya kutosha, supu, zabibu kavu zilizolowekwa, usiingie na tumbo kavu.

Na tabrid fanya kabisa. Wao wanatoa vitu vya utelezi na ubaridi, kama isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji. Kwetu mimi nasema dafu. Dafu moja, ndizi mbivu, uji mwepesi usio na pilipili manga, maji. Dafu na ndizi zina potasiamu ile ile uliyoipoteza, kwa hiyo bibi na daktari wanakubaliana hapo (ila mgonjwa wa figo asijazie dafu, aulize). Siku hiyo acha chipsi, acha kahawa nyingi, usifunge.

Hatua ya 9: kuacha

Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, na isizidi wiki moja kwa jumla. Ukiona baada ya wiki bado choo hakiji bila sanamaki, tatizo siyo choo tena, kuna kitu nyuma yake: vidonge vya madini ya chuma, dawa kali za maumivu, tezi ya shingo, kisukari, au maisha ya kukaa kwenye kiti na kula mikate mitupu. Anayekunywa miezi na miezi anapoteza maji na chumvi, misuli inalegea, moyo unaweza kuyumba mapigo, na ukuta wa utumbo unageuka rangi ya weusi, daktari akiingiza kamera anaona. Huo weusi unaondoka ukiacha, hayo mengine usisubiri uyaone.

Kwa choo cha kila siku isabgoli na maji mengi ni salama zaidi, au papai, au mchicha, mambo hayo.

Matumizi mengine wanayoyataja

Kiyunani wanaitoa pia kwa maumivu ya viungo na ule wa nyonga unaoshuka mguuni (irq an-nisa), kichwa cha upande mmoja, muwasho na upele wa ngozi, kwa hoja kwamba majimaji mabaya yakitoka chini maumivu ya juu yanapungua. Haya ni mapokeo yao, mimi nayaheshimu ila sikuambii uache dawa yako ya viungo. Kwenye majuni (dawa nzito za kulamba) za viungo sanamaki inawekwa pamoja na suranjani, mmea mwingine wa dawa, na suranjani ina kolchisini, kitu chenye sumu kwa kipimo kidogo tu, kwa hiyo usisage mwenyewe hata siku moja, na ukikuta inauzwa bila lebo pita hivi.

Kuna itrifali (nazo ni dawa za kulamba) zenye sanamaki ndani pamoja na halilaji, tunda kavu la dawa, hizo za kulainisha. Zikitoka kiwanda kinachoeleweka soma lebo uone gramu ngapi, halafu usinywe chai ya sanamaki juu yake, ni dawa ile ile mara mbili.

Kwa ngozi wanasaga majani na siki wanapaka. Nilishajaribu kwenye mkono uliokuwa unawasha, siki iliniwasha kuliko muwasho wenyewe, nikanawa. Kwa nywele wapo wanaochanganya na hina, na hapa angalia: unga unaouzwa kama "hina isiyo na rangi" mara nyingi ni wa ndugu yake sanamaki, Senna italica, basi usije ukachota kwenye pakiti ya nywele ukaweka kwenye chai.

Kifuko kile cha bibi nilikitupa. Sasa nina chupa moja ndogo yenye tarehe, na ncha za vidole vitatu nilizipima kwenye mzani siku moja kwa udadisi tu, mara tano, zilikuwa zinacheza kati ya sifuri nukta sita na sifuri nukta nane. Bibi hakuwahi kumiliki mzani.